Somo la Mwezi: Dhoruba Njiani, Friji Ndani ya Gari



Wengi wenu mnalijua gari letu la kliniki. Ni lori dogo lililojengewa chumba nyuma. Ndani mna vitanda 4 vya kukunja, jiko la gesi, friji ndogo inayotumia gesi au betri, mizani ya watoto na kabati la dawa. Tukiwa safarini, gari hilo ndilo zahanati, ndilo jikoni, na ndilo nyumba yetu ya kulala. Wako watu wanaozunguka nchi na magari ya namna hii kwa kujifurahisha. Sisi tunazunguka nalo kwa sababu viko vijiji ambavyo mama akitaka mtoto wake apate chanjo lazima atembee mchana kutwa.

Katika somo hili tunataka kuwaeleza yaliyotupata mwezi wa Novemba 2023, wakati wa mvua kubwa za El Niño, katika barabara ya kutoka Hola kwenda Garissa. Tuliona haya kidogo kuyaandika. Lakini baada ya kukaa na kuzungumza tumekubaliana yaandikwe, maana kosa likifichwa, mwingine atalirudia.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili, kikundi chenu kiweze (1) kuchagua mahali salama pa kulala safarini wakati wa mvua, (2) kuamua lini gari lisivuke maji, (3) kutunza friji, gesi na betri wakati wa dhoruba, na (4) kukubaliana ni nani mwenye ruhusa ya kusema "hapana".

YALIYOTUPATA

Tulikuwa watu 4: dereva wetu ambaye ni mzee wa kanisa, sista muuguzi, kijana msaidizi wa afya, na katekista ambaye ndiye pia mpishi wetu. Chanjo zilikuwa katika kisanduku baridi chenye vifurushi vya barafu, kama inavyotakiwa. Lakini barabara ilikuwa mbaya. Ule udongo mweusi unaonata ulitushika mara 2, na siku ya pili barafu ilianza kuyeyuka. Tukaamua kuhamisha chanjo ndani ya friji ya gari. Hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Jioni kama saa kumi na moja tulifika kwenye laga moja. Wasomaji wa bara waelewe kwamba laga ni mto mkavu. Mwaka mzima ni mchanga mtupu, mpaka mvua inyeshe. Kando yake palikuwa na kivuli kizuri cha miti na mchanga laini. Tukaegesha, katekista akaanza kutafuta sufuria ya chai.

Akatokea mzee mmoja Mworma akiwa na ng'ombe wake. Kijana wetu akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalala hapa?"

"Ndiyo, mzee. Kesho asubuhi tunavuka."

"Hapa si pa watu. Hapa ni pa maji. Hata kama leo hayuko, atakuja."

Dereva akasema, "Lakini mzee mwenzangu, mbingu ni safi."

Yule mzee akanyosha fimbo yake upande wa magharibi, kule Ukambani. Mbali kabisa tuliona mwanga ukiwaka na kuzimika, bila sauti. "Hapa safi," akasema. "Na kule je?"

Tunasema kweli, hatukupenda kuondoka, kwa sababu tulikuwa tumechoka. Tuliondoka kwa heshima ya mzee tu, tukapanda mwinuko kama nusu kilomita, tukaegesha gizani vivyo hivyo, gari likiwa limeinama upande mmoja.

Saa tatu usiku upepo ulikuja kwanza, halafu radi, halafu mvua ya kupasua mabati. Mwali wa gesi wa friji ukazimwa na upepo. Tuliuwasha mara 3, ukazimika mara 3. Dereva akageuza friji itumie betri, tukalala. Usiku wa manane tulisikia mngurumo tukadhani ni ngurumo za mbinguni. Asubuhi tukaona ilikuwa ni laga. Pale tulipotaka kulala palikuwa na maji mekundu, yakibeba magogo na povu.

Betri ilikuwa imekufa. Themomita ya friji ilionyesha nyuzi 12. Ng'ambo ya pili, kijijini, akina mama walikuwa wanatungoja.

Saa nne dereva mmoja wa lori la mbuzi alitusaidia kuwasha injini. Saa nane maji yalikuwa yamepungua. Kijana akasema, "Sista, sasa ni ya magoti tu. Gari letu ni refu. Tukipita sasa tutawawahi."

Dereva akatazama kwa muda. "Naweza kupita," akasema.

"Na usipoweza, Mzee?" sista akauliza.

Hakuna aliyejibu. Katekista akachomeka kijiti ukingoni mwa maji. Baada ya nusu saa kijiti kilikuwa kimefunikwa. Maji yalikuwa yakipanda tena, ingawa hapo tulipo hapakuwa na tone la mvua. Hatukuvuka siku hiyo.

Sasa sikilizeni kosa kubwa. Baada ya kuona nyuzi 12, tulishikwa na hofu. Tukawasha tena mwali wa gesi na kufungua kitasa cha friji mpaka mwisho, ili baridi irudi haraka. Kisha mambo ya mto yakatushika, tukasahau. Usiku ulikuwa wa baridi kwa sababu ya mvua. Asubuhi ya tatu, sista alipofungua friji, themomita ilikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri, na chupa za chanjo zilikuwa zimeganda.

Wengi hudhani chanjo huharibiwa na joto tu. Si hivyo. Ile chanjo ya sindano inayokinga magonjwa 5 kwa pamoja, na ile ya pepopunda, zikiganda zimekufa. Joto la nyuzi 12 kwa saa chache pengine zingelistahimili. Baridi ile hazikuistahimili. Kwa hiyo si dhoruba iliyoharibu chanjo. Ni sisi, kwa haraka ya kutengeneza kilichoharibika.

Tena tukiri jambo jingine. Chanjo iliyoganda ikiyeyuka huweza kuonekana kama nzima machoni pa mtu asiyejua. Wakati tulipokuwa tukingoja maji, wazo lilipita kati yetu kwamba hakuna mama angejua. Sista akasema, "Mtoto atachomwa, atalia, kadi itaandikwa amekingwa, naye hakukingwa. Siku kifaduro kikija, mama ataambiwa nini?" Tukanyamaza. Chupa zote zilizoganda ziliwekwa kando na kuandikwa, ili zirudishwe na kuharibiwa kwa utaratibu.

Tulivuka saa tano. Akina mama walikuwa wamelala pale siku 2 wakitungoja. Tuliwaambia ukweli, wote wakiwa wamekaa chini ya mti, na hawakufurahi. Mama mmoja alituuliza, "Sasa mimi nitoke hapa niende wapi?" Tulichoweza kufanya ni kupima uzito wa watoto, kutoa vitamini A, na kutoa matone ya polio. Matone hayo hayaharibiwi na kuganda, na alama ya joto kwenye chupa zake ilionyesha bado ni mazuri. Baada ya majuma 2 tulirudi na chanjo mpya. Wengi walikuja. Si wote.

Basi, kutokana na hayo, tumepanga mafundisho yafuatayo.

FUNDISHO LA 1: MAHALI PA KULALA

Kenya ina mvua za masika, kuanzia Machi mpaka Mei, na mvua za vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Katika miezi hiyo usiangalie tu mbingu iliyo juu ya kichwa chako. Maji ya laga huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali sana, milimani, na kukukuta umelala chini ya nyota.

- Usilale ndani ya laga wala ukingoni mwake, hata kama mchanga ni mkavu kama unga. Tafuta takataka za mafuriko ya zamani zilizonasa kwenye matawi ya miti. Zitakuonyesha maji yalifika wapi.
- Uliza wenyeji kabla ya kuegesha. Mchungaji wa ng'ombe anajua kuliko ramani.
- Usiegeshe chini ya mti mkubwa. Kivuli cha mchana huweza kuwa tawi la kuanguka usiku.
- Egesha gari likielekeza uso kwenye upepo. Ubavu wa gari refu ni kama tanga la jahazi.
- Kama una turubai la kivuli, likunje kabla ya kulala, hata kama hakuna wingu. Kulikunja katikati ya upepo ndiko kunakovunja mikono.
- Egesha mapema, kungali na mwanga, ili uone kama gari limesimama sawasawa. Jambo hili tutalirudia tukifika kwenye friji.

FUNDISHO LA 2: RADI

Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu pole pole, sekunde kwa sekunde, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukihesabu chini ya 30, radi iko karibu kiasi cha kukudhuru, ingia ndani. Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watu wengi hupigwa kwa kutoka mapema wakidhani imekwisha.

Gari lenye paa na kuta za chuma ni mahali pazuri pa kujificha, madirisha yakiwa yamefungwa. Wengine husema ni kwa sababu ya magurudumu ya mpira. Hapana. Ni kwa sababu umeme hupita kwenye ngozi ya chuma ya gari na kwenda ardhini, ukikuacha wewe ndani. Kwa hiyo usiegemee chuma, na usishike redio yenye waya unaotoka nje. Gari la turubai, pikipiki, hema na kibanda cha makuti havina kinga hiyo. Wala usisimame chini ya mti ulio peke yake.

Wenzetu wa Kisii, Kakamega na kandokando ya Ziwa Victoria wanayajua haya vizuri, maana sehemu zao hupata radi nyingi sana. Wawafundishe na watoto, hasa wale wanaochunga au kucheza mpira jioni.

FUNDISHO LA 3: MAJI BARABARANI

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa watu kama sisi, wakienda kwenye sherehe. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Tunaandika kwa sababu kila kwaya, kila kikundi cha akina mama na kila shule yetu hukodi gari wakati fulani.

Jifunzeni vipimo hivi, na mviandike ubaoni:

- Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15, yaani karibu na kifundo cha mguu, huweza kumwangusha mtu mzima.
- Sentimita 30 huweza kuelea na gari dogo.
- Sentimita 60 huweza kubeba magari mengi, hata yale tunayoyaita ya nguvu.

Sasa rudini kwenye maneno ya kijana wetu, "ya magoti tu". Magoti ya mtu mzima ni karibu sentimita 50. Tulikuwa karibu kuingia.

Tena maji mekundu hayaonyeshi chini. Huenda barabara uliyopita jana haipo tena, imechimbwa shimo. Usimtume mtu mbele atembee kupima kina katika maji yanayokimbia. Fanya kama katekista wetu: chomeka kijiti au weka jiwe ukingoni, ngoja nusu saa, uone kama maji yanapanda au yanashuka. Yakiwa bado yanakimbia, endelea kungoja. Pika chai. Na yakiisha ukavuka penye unyevu, kanyaga breki taratibu mara kadhaa upande wa pili, maana breki zilizolowa hazishiki.

FUNDISHO LA 4: FRIJI YA GESI

Friji ya namna hii ilibuniwa mwaka wa 1922 na wanafunzi 2 wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Inafanya kazi kwa njia ya ajabu kidogo: moto ndio unaoleta baridi. Mwali mdogo, au umeme, huchemsha dawa iitwayo amonia iliyochanganyika na maji ndani ya mabomba. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa, hugeuka maji, na inapogeuka tena kuwa mvuke huchukua joto la ndani ya friji. Hakuna mashine ya kusukuma. Maji ya ndani hurudi chini kwa kuteremka yenyewe tu.

Kwa sababu hiyo, gari likiinama, maji hayo hukwama na friji haipoi. Ukiacha hivyo mara kwa mara unaiharibu kabisa. Weka bakuli la maji juu ya sakafu ya friji. Kama maji yamelingana na ukingo pande zote, uko sawa. Kama hayakulingana, weka ubao chini ya gurudumu moja.

Mambo mengine ya kukumbuka:

1. Washa friji siku moja kabla ya kuweka vitu. Inachukua saa nyingi kupoa.
2. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa manjano na moshi mweusi, kichomeo kimechafuka. Mtungi ukiwa umefungwa, kisafishe kwa brashi laini. Usichokoe kile kitundu kidogo cha gesi kwa waya au sindano. Kikipanuka, mwali hautakaa sawa tena.
3. Upepo ukizima mwali, fungua mlango wa gari upite hewa kwanza, ndipo ujaribu tena. Waweza kukinga upande wa upepo kwa kipande cha bati, lakini usizibe kabisa matundu ya hewa ya friji.
4. Mwali ukikataa, usifungue-fungue mlango wa friji. Baridi iliyomo itakaa saa kadhaa kama hutaipoteza.
5. Ukiwasha tena, rudisha kitasa pale pale kilipokuwa. Tazama themomita baada ya saa 2, ndipo uongeze kidogo kama inahitajika. Kosa letu lilikuwa hapa.
6. Ukinusa harufu kali ya amonia, au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, zima. Hiyo imetoboka, na si kazi ya kulehemu kando ya barabara.

Kuhusu chanjo, kanuni ni kati ya nyuzi 2 na 8, mchana na usiku. Friji ya kawaida ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo; joto lake hupanda na kushuka. Siku hizi tunabeba visanduku baridi 2 na barafu ya akiba, na friji tunaitumia kwa chakula. Vifurushi vya barafu navyo tunaviacha nje kwanza mpaka vianze kutoa jasho na maji yasikike ndani ukivitikisa, ndipo tunavipanga karibu na chupa. Themomita inasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye daftari, na anayesoma anatia sahihi. Kwenye chupa nyingi kuna alama ya duara yenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukilingana rangi au ukiwa mweusi zaidi, usiitumie. Lakini kumbuka, alama hiyo haisemi lolote kuhusu kuganda.

FUNDISHO LA 5: GESI NA BETRI

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, kwa hiyo gari la kulala liwe na matundu chini, na yasizibwe na matambara eti mvua inaingia. Kila mwezi paka povu la sabuni kwenye mpira na regulata. Likitoa mapovu, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja. Gari likitembea, funga mtungi. Na kabla ya kuingia kituo cha petroli hakikisha hakuna mwali wowote unaowaka ndani, hata ule mdogo wa friji.

Usiku wa baridi katekista wetu alitaka kuingiza jiko la makaa ndani ili nguo zikauke. Tulimkataza. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi ambao mtu haamki. Kila mwaka wa baridi tunazika watu kwa jambo hili hata katika nyumba za kawaida.

Na betri je? Tufanye hesabu pamoja. Friji ya namna yetu ikitumia betri hula kama ampea 10. Betri kubwa ya ampea 100 haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu yake, la sivyo inakufa mapema. Nusu ni 50. Gawanya kwa 10 unapata saa 5. Sisi tuligeuza friji saa tatu usiku. Kufika saa nane usiku tulikuwa tumekwisha kula nusu, na tukaendelea kulala. Kumbe hesabu ya darasa la 4 ingetuokoa. Friji itumie betri wakati injini inazunguka tu. Na kama mnaweza, pateni betri ya pili ya mambo ya ndani, ili ile ya kuwashia injini isiguswe.

Mkisaidiwa kuwasha kwa betri ya gari jingine, fuateni mpango huu. Waya mwekundu: kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi: kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa hewa inayoshika moto, na cheche hutokea pale mwisho. Ndiyo maana iwe mbali.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya namba ile ile. Ile mizaha ya kuweka karatasi ya sigara au kipande cha waya imechoma magari mengi. Ukutu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uondolewe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kisha paka grisi.

FUNDISHO LA 6: "HAPANA" YA MTU MMOJA

Someni pamoja Matendo ya Mitume sura ya 27. Ni habari ya safari, tena wakati mbaya wa mwaka. Paulo aliwaonya wasiendelee. Lakini alikuwa mfungwa, na akida aliwasikiliza nahodha na mwenye meli. Upepo mwororo wa kusini ulipovuma, wakadhani mambo ni mazuri. Angalieni hapo: hawakudanganywa na dhoruba, walidanganywa na utulivu kidogo kabla yake, kama sisi tulivyodanganywa na mbingu safi juu ya laga.

Dhoruba ilipokuja walitupa shehena na vyombo vya meli. Siku ya 14 Paulo aliwahimiza wale chakula, akatangulia kula yeye mwenyewe mbele ya wote. Meli ilivunjika. Lakini watu wote 276 walifika pwani salama.

Tumejifunza mambo 2. La kwanza, mali huweza kutupwa, watu wasitupwe. Hatukuwafikia akina mama siku tuliyoahidi, na chanjo zilipotea, lakini hakuna mtoto aliyebaki bila baba kwa sababu ya laga ile. La pili, mtu aliyesema kweli katika meli ile ndiye aliyekuwa na cheo cha chini. Kwa hiyo tumejiwekea sheria: mbele ya maji, mtu yeyote ndani ya gari akisema "hapana", gari halivuki. Haulizwi sababu, wala hachekwi. Awe sista, awe mpishi, awe mama tuliyempa lifti. "Ndiyo" inahitaji watu wote. "Hapana" inahitaji mmoja.

Dereva wetu ndiye aliyependekeza sheria hiyo. Alisema siku ile alitaka mtu amzuie, lakini baada ya kusema "naweza", aliona aibu kurudi nyuma.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kikundi chetu kikikodi gari msimu wa mvua, ni nani anayeamua kama tuvuke maji? Je, mtoto au mgeni anaweza kusema "hapana" akasikilizwa?
2. Katika eneo letu, ni wazee gani wanaojua njia za maji? Tumewahi kuwauliza?
3. Taja mambo 3 tuliyoyafanya usiku ule yaliyoua betri na kuvuruga friji. Ni lipi lingezuiwa kabla ya giza kuingia?
4. Kama mngekuwa ninyi na chupa zilizoganda, na akina mama wanangoja siku 2, mngewaambia nini? Semeni maneno yenyewe, kama mchezo wa kuigiza.
5. Nyumbani au dukani kwenu kuna friji, jiko la gesi au betri ya sola. Wiki hii kagueni kitu kimoja tu katika Fundisho la 4 na la 5, mje mueleze mlichokiona.

Ndugu, mvua ni baraka, na tunaiombea kila mwaka. Tukutane mwezi ujao, na yeyote aliye njiani Bwana amfikishe salama.